UZI: Kabla hujaitia rangi picha ya babu, mjue kwanza babu alikuwa nani

#1 mpaka_rangi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu ndani,

Siku hizi kila ukishika simu unakutana na picha ya zamani ya Unguja, Bagamoyo ama Mombasa imetiwa rangi. Mtu kaiokota mtandaoni kaitupia kwenye programu ya AI, dakika haijaisha imetoka na kanzu ya krimu na ukuta wa kahawia, watu wanajaza mashaallah kwa chini na habari imeishia hapo, hakuna hata mmoja anayeuliza yule mtu ni nani. Mimi hii kazi ya kutia rangi picha za watu wa kale naifanya kwa mkono na naipenda kweli, ndo maana leo naomba niiseme kwa urefu, mnivumilie.

Nnachotaka kusema ni kwamba rangi inakuja mwisho. Kwanza umjue aliyekaa mbele ya kamera, jina lake, mwaka, shughuli yake, nguo ile inavaliwa wapi na nani, nani alimpiga na picha ilikuwa ya nini. Ukishayapata hayo rangi nyingi zinajileta zenyewe na unakuwa na ushahidi nazo.

Nianze na jambo la kiufundi maana hapa ndo wengi tunapigwa chenga. Vile vioo vya kupigia picha vya karne ya 19, vilivyopakwa dawa na kutumika kama filamu, vilikuwa haviioni dunia kama tunavyoiona sisi. Vilikuwa vinashika mwanga wa buluu na ule wa urujuanimno ambao jicho halioni, lakini nyekundu hola. Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel ndo aligundua mwaka 1873 kwamba ukichanganya dawa fulani za rangi kioo kinaanza kushika na kijani, ila vioo vya kushika rangi zote mpaka nyekundu vikaja kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na hata hapo mafundi wengi waliendelea na vile vya zamani kwa muda mrefu tu. Sasa piga hesabu mwenyewe: kitambaa chekundu kinatoka kama cheusi, buluu ya mpauko inatoka kama nyeupe, anga linakuwa jeupe tupu, hina ya mkononi unaweza kuapa ni piko, ile nyeusi.

Na ngozi zetu je? Ngozi ya kahawia ina wekundu na umanjano ndani yake, kioo kile hakiuoni, kwa hiyo watu wetu wengi wa zile picha wametoka weusi kuliko walivyokuwa, uso umezama, macho tu yanawaka. Ukiichukulia ile kijivu kama ndo ukweli halafu ukamwagia kahawia juu yake, umempa mtu sura ambayo mama yake asingemtambua. Lazima kwanza uupandishe mwanga wa ngozi taratibu, ndo uanze kuweka rangi, na rangi yenyewe haiwi moja: paji la uso lina yake, masikio yana wekundu kidogo, midomo, kiganja, chini ya macho, kote tofauti.

AI hayo haiyajui. Ilifundishwa kwa picha nyingi sana za rangi zilizogeuzwa kijivu, ikaambiwa kisia rangi zilizokuwepo, na pale isipokuwa na uhakika inachagua rangi ya katikati ambayo haitakosea sana. Ndo maana kila kitu kinatoka kahawia na khaki. Programu ya DeOldify ya Jason Antic ilitoka 2018, MyHeritage, wale wa mtandao wa kutafuta nasaba, wakaiingiza kwao 2020, na kwa ngozi na majani inajitahidi kwa kweli, lakini mpe mwanamke wa Ng'ambo ya Unguja kajifunga kanga mbili uone, atatoka kama kaviringishwa gunia. Kanga! Nguo ambayo kazi yake nzima ni rangi na maneno.

Sasa njoo kwa watu wenyewe. Wengi mmeziona picha za Susi na Chuma zilizopigwa Uingereza 1874, na chini yake pameandikwa watumishi wa Livingstone, yule mmisionari msafiri, basi. Chuma alikuwa Myao, aliokolewa kutoka msafara wa watumwa akiwa kijana mdogo mwaka 1861, akapelekwa Bombay akasoma huko. Susi alitoka Shupanga kwenye mto Zambezi. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, wao na wenzao wakauzika moyo wake palepale chini ya mti, mwili wakaukausha na kuubeba kwa miguu miezi mpaka Bagamoyo, walifika Februari 1874. Livingstone akazikwa kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili na wao hawakuwepo, katika msafara ule aliyekuwepo pale kaburini ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, wakakaa na Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kumsaidia kuzisoma na kuzielewa daftari za marehemu, na huko Newstead wakajenga mfano wa kile kibanda alichofia. Haikuishia hapo. Chuma akarudi akaongoza msafara wa Joseph Thomson, akafariki Zanzibar 1882. Susi akaenda Kongo na Stanley, akabatizwa David 1886, akafariki 1891.

Ukishajua hayo huwezi tena kuipaka picha ile kama picha ya watumishi wawili pembeni ya mzungu. Unajua ni wanaume waliotoka kwenye safari kubwa kuliko wengi waliokuwa mle chumbani, na unajua mwanga uliowaangukia ni wa Uingereza sio wa Bagamoyo, kwa hiyo hata ngozi huipi jua la pwani.

Mfano wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said sultani wa Unguja, yule wanaemwita Emily Ruete. Ile picha yake maarufu ya mavazi ya Kiarabu watu wanaitia rangi kama yuko jumbani Mtoni. Ilipigwa studio ya Hamburg! Aliondoka Unguja 1866 kwa meli ya kivita ya Waingereza, akaolewa Aden 1867, akaenda kuishi Ujerumani, na akiwa huko ndo akavaa nguo za kwao akakaa mbele ya kamera. Kitabu chake cha 1886 kina sehemu nzima anaeleza mavazi na mapambo ya wanawake wa jumba, sasa mtu unatia rangi picha yake bila kusoma alichoandika mwenyewe kuhusu nguo zake, hii kweli ni haki?

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa wasio na jina. Zile postikadi za studio kama A. C. Gomes na Coutinho za Unguja, nyingi chini yake pameandikwa tu mwanamke wa Kiswahili, msichana wa Zanzibar, aina ya mtu kana kwamba ni aina ya ndege. Na zile zilizokuwa na rangi tangu zamani, rangi mara nyingi iliwekwa huko Ulaya zilikochapwa na mtu ambaye pwani hajaikanyaga. Sisi tukizichukua leo tukazirembesha tu tukazisambaza bila kutafuta jina, tunaiendeleza kazi ileile.

Nakaribisha maswali, na kama kuna mwenye picha ya nyumbani alete tuitazame.

#2 kijana_wa_kisiju

Aisee shule hii. Nimevuta kiti mkuu endelea.

#3 mama_wawili

Asante kaka kwa uzi. Mimi nina picha ya bibi mzaa mama kasimama na shoga yake wamevaa kanga sare, studio, nyuma kuna pazia lenye maua. Mama anasema ilipigwa Tanga, mama mkubwa anasema Mombasa, na hakuna anayejua mwaka. Nilitaka niitie rangi nimpe mama sikukuu. Naanzia wapi?

#4 mpaka_rangi

Dada yangu una mali hapo, anzia kwenye kanga zenyewe.

Soma maandishi. Kanga za mwanzo kuwa na jina, yaani yale maneno yake, liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kizungu zikaja baadaye, kwa hiyo herufi tu zinakupa kipindi. Halafu angalia pindoni kama kuna alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza 1887, wanawake wa pwani nzima walikuwa wanaijua. Haikuhakikishii kwamba picha ni ya Mombasa maana kanga zilisafiri, ila ni kamba ya kushika. Kama zina zile alama ndogo ndogo zilizojaa kati na hakuna jina kabisa, inawezekana ni kisutu, na kisutu hukisii rangi: ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ni nguo ya arusi. Kama jina linasomeka nenda nalo kwa wauza kanga wa siku nyingi, miji mingine za zamani bado zinachapwa upya kwa rangi zilezile.

Pazia nalo lisome. Studio moja ilikuwa inatumia pazia lilelile na kiti kilekile miaka na miaka, kwa hiyo ukiona picha ya familia nyingine yenye maua yaleyale na wao wanajua ilipigwa wapi, ugomvi wa mama na mama mkubwa umekwisha. Mombasa kulikuwa na Parekh, Lamu Bakor, Unguja kuna Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Tanga nayo ilikuwa na zake. Tafuta picha zao mlinganishe. Geuza na nyuma, tazama mhuri, namba iliyoandikwa kwa penseli, jina la karatasi kama Velox au Agfa.

Na kuhusu sare, hii ndo ya muhimu kuliko zote: usiwaulize wazee huyu ni nani peke yake, waulize hii sare ilikuwa ya arusi ya nani. Watu husahau miaka lakini arusi hawasahau, atakwambia ilikuwa ya fulani alipoolewa na fulani, mtoto wao wa kwanza kazaliwa mwaka wa njaa, unaanza kuhesabu kutoka hapo.

Nakuomba jambo moja. Wazee waonyeshe ile ya nyeusi na nyeupe KWANZA, waongee mpaka wamalize, urekodi kwa simu. Usiwaonyeshe yenye rangi kabla. Ukimwonyesha mama picha yenye kanga ya kijani uliyoikisia wewe, kesho atakwambia naikumbuka ile kanga ya kijani, na hakudanganyi, rangi yako ndo imeingia kwenye kumbukumbu yake imefuta ya kweli. Hapo hakuna pa kurudi maana wenye kuikumbuka wamebaki wachache.

#5 mama_wawili

Kaka nimesisimka mwili mzima. Kuna maandishi kweli pindoni, ya Kiarabu sio ya Kizungu. Nampelekea ami yangu madrasa asome.

#6 mpaka_rangi

Maashallah. Ipige picha ile sehemu kwa karibu dirishani bila flashi, umpelekee kubwa. Na mwambie ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, asije akaisoma kama Kiarabu akakwama.

#7 mzee_wa_kumbukumbu

Mimi na heshima zote napinga. Picha ni hati. Iliyopigwa nyeusi na nyeupe iachwe hivyohivyo. Mkishaanza kuweka rangi mnazozijua nyinyi, kesho mtaweka na tabasamu. Historia inaghushiwa hivi hivi tukiona.

#8 mpaka_rangi

Mzee wangu shikamoo, unachokiogopa kimeshatokea. Aprili 2021 mtandao wa Vice uliweka picha za wafungwa wa Tuol Sleng, lile gereza la Phnom Penh ambalo watawala wa Khmer Rouge waliwapitisha watu kwenda kuuawa, zimetiwa rangi na msanii mmoja wa Ireland, na baadhi yao wamewekewa tabasamu ambalo halipo kwenye picha za asili. Mtu amepigwa picha anasubiri kifo halafu unamchekesha! Ndugu za marehemu wakalia, wizara ya utamaduni ya Kambodia ikataka zitolewe, zikatolewa. Ile sijui niiite nini lakini kutia rangi sio.

Tazama na upande wa pili. Marina Amaral wa Brazil mwaka 2018 aliitia rangi picha ya Czesława Kwoka, mtoto wa kike wa Poland wa miaka 14, namba 26947 pale Auschwitz, kambi ya Wanazi. Kafika Desemba 1942 na mama yake, Machi 1943 keshafariki. Mfungwa mwenzao Wilhelm Brasse ndo alilazimishwa kuwapiga picha, na baada ya vita alisimulia kwamba yule mtoto alikuwa ametoka kupigwa na msimamizi dakika hiyohiyo, akajifuta machozi na damu mdomoni ndo akakaa. Kwenye nyeusi na nyeupe ule mdomo unaupita tu. Kwenye rangi unaona damu. Na ile pembetatu kifuani ni nyekundu kwa sababu kumbukumbu za kambi zinasema wafungwa wa kisiasa walivaa nyekundu, hakuna mtu aliyekisia pale. Ni kazi ileile ya kutia rangi mzee wangu, lakini huyu alianza na maisha ya mtoto.

Sharti langu mimi ni kwamba ya asili haiguswi inakaa pembeni yake, na yenye rangi inaandikwa ndani ya picha palepale kwamba rangi zimekisiwa isipokuwa hizi na hizi. Mtu akiikata hayo maneno tutajua ni yeye.

#9 mzee_wa_kumbukumbu

Marahaba. Hilo la kuziweka pamoja na kuandika nalikubali. Kwenye tabasamu sitaki hata kusikia.

#10 mdengereko_berlin

Mkuu umeniingia, maana huku nilipo kuna jiwe la ukumbusho barabara ya Brunnenstraße limewekwa 2007, lina jina la mtu wa Dar: Mohamed Husen. Wabongo wengi tunapita hatumjui. Naomba umzungumzie kama unamfahamu.

#11 mpaka_rangi

Namfahamu na nilitaka atajwe humu. Jina la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed, kazaliwa Dar es Salaam 1904, wakati wa vita ya kwanza akiwa bado mtoto akaingia jeshini kwa Wajerumani kama baba yake. Mwaka 1929 akafika Ujerumani baada ya kufanya kazi melini, akadai mshahara wa vita wake na wa baba yake, wakamnyima. Akafanya kazi ya uhudumu Berlin, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1934 akaomba ile nishani ya waliopigana mstari wa mbele, wakamnyima na hiyo. Mwaka 1941 wakamkamata kwa sababu ya mwanamke wa kizungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, kafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Kuna picha yake akiwa amevaa sare ya askari wa Kijerumani Berlin. Mtu asiyejua ataiona kama askari wa mwaka 1914 aliye Tanganyika, ataipaka jua na vumbi jekundu, na atampa nishani rangi zinazong'aa. Lakini yule ni mtu mzima anayeishi Ulaya, miaka karibu 20 baada ya vita, amevaa sare ya jeshi lisilokuwepo tena mbele ya watu waliokataa kumlipa. Khaki yake unaiweka, hiyo inajulikana. Lakini mwanga ni wa Berlin, na uso ule unautendea kazi taratibu siku nzima ukijua nani anakutazama. Haya yote tunayajua kwa sababu mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alikaa na makaratasi mpaka akayaandika maisha yake. Picha peke yake isingetwambia lolote.

#12 fundi_simu_kkoo

Nisaidie tu upande wa kazi, skana iwe ngapi na programu gani? Wateja wananiletea picha zimeliwa na mchwa.

#13 mpaka_rangi

Skana ianze dpi 600 (nukta kwa inchi), ndogo za kitambulisho panda 1200, hifadhi TIFF maana JPEG ukiifungua na kuihifadhi kila mara inachakaa. Skani na nyuma. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige juu ya kioo hivyohivyo. Usifute kwa mate wala kitambaa kibichi. GIMP ni ya bure na inatosha, unafungua leya (tabaka) mpya, unaiweka iwe ya rangi tu isiguse mwanga, kila kitu na leya yake: ngozi kivyake, kofia kivyake, ukuta kivyake. Palipoliwa na mchwa usoni usipajaze jicho la kubuni, paache pachakavu, ni heri familia ione pengo.

#14 mjukuu_wa_liwali

Asalaam aleykum. Babu yetu mkubwa yuko kwenye picha na joho, kilemba na jambia. Nyumbani tunaambiwa alikuwa liwali na kwamba alikuwa wa ukoo wa Busaidi, ule wa masultani wa Unguja. Niliitia kwenye programu joho limetoka la kijivu na kilemba kama taulo. Naomba msaada, ukoo mzima unaisubiri hii picha tuiweke ukutani.

#15 mpaka_rangi

Waaleykum salaam ndugu yangu. Hapa twende pole maana rangi ya kilemba ni dai la nasaba. Kile kilemba cha Mabusaidi kina mistari yake na kina namna yake ya kufungwa, ukimvisha mtu ambaye hakuwa wa ukoo huo umeandika nasaba ya uongo ukutani, na wajukuu watakuja kuitolea ushahidi. Wengine walifunga debwani, kitambaa cha kilemba, ya rangi nyingine kabisa, au nyeupe. Joho nalo lilikuwepo jeusi, la kahawia, jeupe, na uzi wa dhahabu shingoni, kwa hiyo kijivu cha picha hakitoshi kuamua.

Cheo cha uliwali kinatafutika. Uteuzi wa Serikali ya Zanzibar ulikuwa unatangazwa kwenye Gazeti rasmi lililoanza 1892, nakala ziko Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na kama alikuwa bara au mwambao wa Kenya basi kwenye makaratasi ya utawala wa huko. Nenda na jina refu, fulani bin fulani bin fulani, maana jina moja utakuta watu kumi. Pia chuo kikuu cha Northwestern cha Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 mpaka 1960, unazitazama bure mtandaoni. Maliwali na mabaraza wako humo, huenda ukamkuta amekaa na wenzake na majina yameandikwa.

Kwa sasa usiitie rangi yoyote. Nitumie inboksi nyuma ya picha kwanza, na kipande cha kilemba kilichoskaniwa kwa 1200, tuone hiyo mistari ikoje.